Mkono Aliouachia

Kanisani kwao hakuna aliyekuwa anaomba kama fundi cherehani. Wengine waliomba kama watu wanaopiga hodi na kupita, yeye aliingia ndani, akavua viatu, akakaa. Akianza na wagonjwa, alimtaja mmoja mmoja pamoja na ugonjwa wake, na dawa aliyopewa, na kama anaimeza au anaitupa chini ya kitanda. Wagonjwa wakiisha, wasafiri. Wasafiri wakiisha, wafiwa. Watoto walikuwa wanalala, wanaamka, wanamkuta bado yuko kwa wajane. Ndio hao watoto waliompa jina la Mama Sala Ndefu, na baadaye, kwa uvivu wa ulimi, Mama Ndefu tu. Mgeni akielekezwa kwa Mama Ndefu alitafuta mwanamke mrefu, kumbe ni mtu mfupi kabisa, akikaa nyuma ya cherehani unaona kilemba peke yake.

"Mama," mchungaji alimtania siku moja, "mwachie na Mungu kidogo cha kukumbuka mwenyewe."

"Mungu hasahau, mchungaji. Mimi ndiye nasahau. Ndiyo maana navitaja vyote."

Na akishafumba macho, basi. Kuna siku mbuzi wa jirani aliingia kanisani wakati anaomba, akala maua yote ya mezani mbele, akatafuna na kipande cha kitambaa. Watu wote walifumbua jicho moja, wakaona, wakabana vicheko. Mama Ndefu hakuona kitu. Alipofika pale anapofikaga siku zote, pa kusema "nyoosha mkono wako, ee Bwana," akainua mikono yake yote miwili juu, kama kawaida yake, mbuzi naye akashtuka, akatoka mbio. Aliposema amina akatazama vijiti vilivyobaki kwenye chupa, akauliza, "Jamani, maua haya mbona yamenyauka upesi hivi?"

Kicheko hicho kilidumu mwaka mzima. Nani angejua kwamba siku moja kitamgeuka.

Kazi ya benchi ilianza baada ya binti wa mama mmoja wa kwaya kurudi nyumbani. Alikuwa ameondoka na mtu aliyemwahidi kazi ya dukani. Alirudi hasemi. Alikaa mlangoni kutwa, na mtu akitaka kuufunga mlango, anaushika kwa mikono miwili. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Wanawake wa kanisa ndio wakaanza kuulizana wenyewe. Si alipitia kituo cha mabasi pale pale? Si siku ile wote tulikuwepo sokoni, tumemwona na begi lake? Nani alimuuliza anakwenda wapi, na nani? Kila mmoja akatazama vidole vya miguu yake.

Wakamwendea mkubwa wa kituo, akawapa nafasi kati ya nguzo na pipa la takataka, karibu na dirisha la tiketi. Wakapeleka chupa ya chai, vikombe vya plastiki, na benchi walilolitoa darasa la watoto, fupi mpaka mtu mzima akikaa magoti yanamfika kifuani. Wapiga debe wakawacheka. "Mama zetu, mmekuja kuanza chekechea?" Wao wakacheka nao, wakawapa chai, ikaisha hivyo.

Aliyeongoza benchi alikuwa nesi mstaafu, mwanamke wa maneno machache na goti bovu. Utaratibu ulikuwa wake. Hakuna kumfukuza mtu, hakuna kumkamata mtu. Ukimwona msichana yuko peke yake, au yuko na mtu asiyeelekea kuwa ndugu yake, unamwita, njoo unywe chai, mwanangu, basi bado. Akishashika kikombe, unamuuliza kitu kimoja: kitambulisho chako unacho mwenyewe?

"Mtu anayekupeleka pazuri hana haja ya kukuwekea kitambulisho," Nesi alikuwa anasema.

Wengi walicheka, wakakitoa mfukoni, wakanywa chai, wakaenda zao salama. Mmoja mmoja alisema, kipo kwa shangazi, au kipo kwa yule kaka pale. Hapo ndipo kazi. Walikaa wawili wawili kwa sababu hiyo. Mmoja anakimbilia kibanda cha polisi kule geti la nyuma, mwingine anabaki na msichana, na wanapiga simu nyumbani kwao.

"Anayebaki, asibanduke," Nesi aliwaambia. "Chai ikimwagika tutapika nyingine."

Sasa Mama Ndefu, mbali na benchi, alikuwa na wasichana wake wa Jumamosi. Walikuja chumbani kwake kujifunza kushona, wale walioachishwa shule na wale ambao shule iliwaacha wenyewe. Mmoja wao walimwita Kidole, kwa sababu hakuna somo lililopita bila kujichoma sindano. Alilelewa na bibi yake, nyumba ya tatu kutoka kwa fundi. Kushona hajui, lakini alikuwa na kicheko cha kufanya wengine wasahau njaa. Alishona mkono wa blauzi kwenye shingo, akaivaa hivyo hivyo, akatembea nayo chumba kizima kama bibi harusi. Mama Ndefu alimgombeza huku machozi ya kucheka yanamtoka.

Halafu Kidole akaacha kuja. Jumamosi ya kwanza fundi akasema ana mafua. Ya pili akasema nitampitia. Hakumpitia. Kulikuwa na sare za kwaya za kumaliza.

Alasiri moja Mama Ndefu na Nesi wako kwenye benchi, kituo kimejaa, vumbi na honi. Akapita mwanamke nadhifu, anavuta begi la magurudumu, kitabu cha nyimbo za ibada kwapani. Nyuma yake akaja msichana anayeburuza viatu vipya vilivyomzidi mguu. Mwanamke akaenda dirishani kwa tiketi. Msichana akabaki amesimama.

"We Kidole!"

Msichana akashtuka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo hapa. Unakwenda wapi na viatu vya mtu?"

"Vya kwangu. Nimenunuliwa na shangazi."

"Shangazi gani? Shangazi zako mimi nawajua wote. Mmoja nilimshonea nguo ya msiba, mwingine ya harusi, na mpaka leo ananisema kwamba inambana."

Kidole akacheka, halafu kicheko kikaishia katikati. "Huyu si wa damu. Namwita tu. Amenitafutia kazi, duka kubwa la nguo. Nilimwambia najua kushona, akafurahi sana."

"Wewe? Unajua kushona?"

"Kidogo, mama."

Nesi alikuwa ameshamimina chai. Akampa kikombe, akamuuliza taratibu, "Kitambulisho chako unacho mwenyewe, mwanangu?"

"Kipo kwa shangazi. Amesema mimi nitakipoteza."

Wanawake wawili wakatazamana. Nesi akanyanyuka kwenye lile benchi la watoto, mkono kwenye goti. "Mimi nakwenda," akamwambia Mama Ndefu kwa sauti ya chini. "Wewe kaa naye. Usibanduke." Akakata kati ya watu, anachechemea, anawahi.

Mama Ndefu akamshika Kidole mkono. Ulikuwa mkono mdogo, na ncha za vidole bado zilikuwa na vidoa vya sindano.

"Bibi anajua?"

Msichana akatazama chai.

"Kidole. Bibi anajua?"

"Nitampigia nikifika. Nataka nimtumie kitu kwanza, ndiyo ajue. Akijua sasa hivi atalia, mama. Akilia, mimi sitaweza kwenda."

"Basi tumpigie tuone kama utaweza. Akisema nenda, mimi mwenyewe nitakubebea begi."

Kidole akainama. Machozi yakamdondokea ndani ya kikombe. Kisha akaitikia kwa kichwa. "Haya. Tumpigie."

Hapo alikuwa amekubali. Hilo Mama Ndefu alilikumbuka baadaye kuliko yote. Alikuwa amekubali, na mkono ulikuwa mkononi, na fundi alikuwa anapekua mfuko kwa mkono mwingine anatafuta simu katikati ya nyuzi na mkasi.

"Bwana asifiwe, mama!"

"Amina," akajibu. Lilimtoka lenyewe.

Yule mwanamke amerudi na tiketi. Akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa, magoti juu, akajicheka. "Jamani benchi hili! Mama, samahani, wewe si ndiye mama fundi? Huyu mtoto amenisimulia. Anasema mama fundi akiomba, hata mvua inasubiri." Akamtazama Kidole kwa upole. "Namwona analia. Ni kawaida, safari ya kwanza. Mpigieni bibi, na mimi niongee naye, asiwe na wasiwasi. Ila kabla ya yote, mama, tuombe. Tutaondokaje bila kuombewa na mtu kama wewe?"

Mama Ndefu akamwangalia. Moyo ulikuwa unamwambia, huyu si wa kuaminiwa. Lakini akajiambia, kama ni mbaya, sala itamuunguza. Kama ni mwema, sala haijamdhuru mtu. Na wakati naomba Nesi atafika na polisi. Na tuseme ukweli, kulikuwa na kitu kingine kidogo, kitamu. Hata mtu wa mbali alikuwa amesikia habari za sala zake.

Maisha yake yote hakuwahi kumnyima mtu sala. Hakujua hata inafanywaje.

Akafumba macho.

Akaanza na madereva. Akaomba kwa ajili ya barabara, madaraja na matairi. Akamwombea bibi, na macho ya bibi, na kile kikohozi. Mkono wa Kidole alikuwa nao, akaubana. Akamwombea Kidole kwa jina lake la nyumbani na la ubatizo, akamwomba Mungu amwepushe na mikono mibaya, na sauti ikampanda, na joto likamjaa kifuani, akafika pale anapofikaga siku zote. "Nyoosha mkono wako, ee Bwana!"

Na mikono yake yote miwili ikapaa juu.

Akaendelea. Alikuwa na mengi ya kusema. Alipofika mwisho, akasema, "Amina."

Hakuna aliyeitikia.

Akafumbua macho. Kikombe kiko kwenye benchi, chai bado inatoa mvuke. Pembeni yake kuna nafasi. Akageuka huku, akageuka kule, akasimama juu ya benchi kwa sababu ya ufupi wake, akaona migongo, vichwa, mizigo, na basi linatoka geti la mbele, na jingine nyuma yake, na jingine.

"Kidole! Kidole jamani!"

Mpiga debe mmoja aliyezoea kumtania akaacha kelele zake. "Mama, kuna nini?"

"Msichana. Alikuwa hapa na mwanamke mwenye begi."

"Wale? Wamepita hapa sasa hivi, wameshikana mikono. Nikajua mmeshawaombea."

Nesi akatokea na askari, anahema. Akatazama benchi. Akamtazama mwenzake aliyesimama juu yake kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Yuko wapi?"

"Nilikuwa naomba," Mama Ndefu akasema.

Askari alipiga simu, walisimamisha basi moja, halafu jingine, kumbe siyo hayo. Jua lilikuwa halijazama fundi alipofika nyumba ya tatu kutoka kwake. Bibi alikuwa uani anaanua nguo za mjukuu wake. Mama Ndefu akamweleza yote, hakuficha kitu, hata ule utamu mdogo wa kusifiwa. Bibi alisikiliza na kanga ya Kidole imemning'inia mkononi.

"Uliomba nini?" akauliza.

"Niliomba Mungu amshike."

"Mungu ana kazi yake, mama. Wewe ulikuwa na yako. Yako ilikuwa mkono tu."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira. Aliikunja kanga, akaiweka juu ya nyingine, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo Mama Ndefu akanyamaza. Hakununa, aliwaitikia watu salamu, alishona. Lakini kanisani mchungaji alipomwita aombee wagonjwa, alitikisa kichwa pale alipokaa. Watu wakadhani hakusikia, wakamrudia. Akatikisa tena. Wagonjwa wakaombewa kwa kifupi na mzee wa kanisa, watoto wakabaki wanatazamana, hawakuwa wamewahi kufika mwisho wa sala wakiwa macho. Hakuna aliyefurahi.

Chumbani kwake ile blauzi ya Kidole ilikuwa bado kwenye msumari, mkono umeshonwa shingoni. Msichana mmoja wa Jumamosi alitaka kuifumua apate kitambaa. "Acha hiyo," fundi akamwambia, na jinsi alivyosema, hakuna aliyeigusa tena.

Siku moja bibi akaja mwenyewe. Hakuwa amefika pale tangu msiba ule, maana wao waliuita msiba ingawa hakuna kaburi. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Amepiga," akasema.

Cherehani likasimama.

"Namba siijui. Sauti ndogo, kama mtu aliye chini ya shuka. Nikamuuliza uko wapi, akasema hajui, madirisha yamepakwa rangi. Nikamuuliza unakula, akanyamaza. Halafu akasema, bibi, usimgombeze Mama Ndefu. Akasema, shangazi alinivuta, mimi nilimshikilia Mama Ndefu, halafu yeye akaniachia mkono. Nikajua ameniruhusu." Bibi akamtazama usoni. "Hivyo hivyo. Akasema nikajua ameniruhusu, ndiyo maana nikaenda. Simu ikakatika."

Polisi waliihangaikia ile namba. Ilikuwa imezimwa, na ikabaki imezimwa.

Mama Ndefu hakulia mbele ya bibi. Alimsindikiza mpaka mlangoni kwake, akarudi, akakaa nyuma ya cherehani, akaitazama mikono yake yote miwili juu ya meza kama vitu vya mteja aliyevisahau. Mkono ulioshika ni huu. Wakati wote alidhani mtoto aliibiwa kwake. Kumbe mtoto alikuwa ameshikilia.

Nesi alimfuata baada ya wiki nyingi. Alimkuta anapiga pasi.

"Benchi lina nafasi yako."

"Mimi siombi tena, dada."

"Nani kakuita uombe? Nimekuita ushike."

"Nikishika nitaachia."

"Basi ukiachia nitakupiga mbele za watu," Nesi akasema, na fundi akacheka kidogo, mara ya kwanza, kicheko kikavu kama kikohozi. Nesi akakaa kwenye kiti cha wateja, akalinyoosha lile goti. "Hata Bwana mwenyewe aliwasihi rafiki zake wakae macho. Wakalala. Hakuwafukuza. Lete pasi hiyo, unaunguza suruali ya watu."

Akarudi. Benchi lilikuwa lile lile, na pipa, na nguzo. Wapiga debe hawakumtania, mmoja akampanguzia benchi kwa shati lake. Utaratibu sasa ulikuwa na nyongeza ambayo hakuna aliyeitamka mbele yake, ila aliiona. Wakiomba, mmoja wao hafumbi macho.

Siku ile akaja msichana mwingine. Hakufanana na Kidole hata kidogo, mrefu, mkali, kanyoa nywele. Kitambulisho kipo kwa kaka mmoja aliyekwenda kununua maji. Nesi akanyanyuka na goti lake. Mama Ndefu akaushika mkono wa msichana kwa mikono yake yote miwili, simu ikapigwa, mama yake akasema nakuja, msimwache, nakuja sasa hivi. Msichana akamsogelea zaidi.

"Mama," akasema, "naogopa. Niombee."

Mama Ndefu akainua macho. Kwa mbali, kule dukani, akamwona kijana mwenye chupa mbili za maji amesimama, anawatazama.

"Bwana," akasema. Macho yake yalikuwa wazi, yamemkazia yule kijana, na chozi lilipojaa hakupepesa, aliliacha lishuke lenyewe. "Huyu hapa, nimemshika. Na yule mwingine unajua aliko, mimi sijui. Mwambie sikumruhusu. Amina."

"Amina," msichana akaitikia.

Ilikuwa sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, na hakuwa na nyingine. Kijana wa maji akageuka, akapotea kwenye watu. Mama Ndefu akaendelea kutazama geti la mbele, mabasi yanatoka, moja, jingine, anatazama kila dirisha.

"Mama, mkono wangu unauma."

"Najua, mwanangu," akasema. "Nivumilie tu mpaka mama yako afike."